Ng'ombe wa Mahari Waliogeuka Zambarau

Nataka ieleweke mapema kwamba ng'ombe mwenyewe sikumgusa hata mmoja. Niligusa rangi tu. Ila mzee aliposimama mlangoni pa studio ya baba mdogo hapa Katoro, kofia mkononi, akinitazama kama mtu aliyemkuta fisi zizini, nilijua kwamba kwake yeye hayo mambo mawili hayana tofauti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewapaka rangi ng'ombe zangu?"

Baba mdogo anapiga video: harusi, kipaimara, mahafali, na siku za kupokea mahari. Mimi nasoma kidato cha tatu na kila likizo namsaidia. Hapana, nisijishushe. Yeye anapiga, mimi ndiye ninayeediti. Nakata, naunganisha, naweka muziki, narusha maua juu ya uso wa bibi harusi hata kama hakuomba. Kabla ya hapo nilishika taa kwa likizo nne mfululizo, nikisimama juu ya kreti za soda huku mbu wakinila, mpaka binamu yangu aliyekuwa anaediti alipokimbilia machimboni upande wa Bulyanhulu na kiti cha mbele ya kompyuta kikabaki wazi. Nilikikalia hata kabla hakijapoa.

Tatizo la mzee lilikuwa hivi. Anaishi upande wa Bukombe, na binti yake ameolewa mwaka huu. Wadogo zake wawili, wakulima wa tumbaku kule Ushetu, ndio waliokwenda kwa upande wa mume kuchagua ng'ombe wa mahari, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe. Siku ng'ombe walipoletwa, wadogo hao walikuwa wanakausha tumbaku, hawakufika. Mzee akawapokea, na kabla wiki mbili hazijaisha akawapeleka kwa wakwe wa kijana wake, maana naye alikuwa anaoa. Kwake akabaki ndama mmoja aliyekwisha acha kunyonya. Wengine wote walibaki kwenye video.

Na kwenye video yangu, ng'ombe wekundu walikuwa zambarau.

"Wadogo zangu wameiangalia kwenye tivii yao," mzee alisema. "Wananiambia, kaka, hawa si tuliowachagua. Wale wazuri umewauza, ukanunua hawa wagonjwa ukawapitisha mbele ya kamera. Juzi wamekuja msibani kwa jirani yangu. Wamepita mbele yangu. Hawakuniamkia."

Hapo baba mdogo akaacha kukunja waya. Kwa mtu wa kwetu, mdogo wako akikupita bila shikamoo ni afadhali angekutukana. Tusi lina mwisho wake.

"Jumapili wanakuja kwangu, tukae kikao," mzee akaendelea. "Nataka waone ng'ombe zangu. Si hao wa kwenu."

Nikafungua video kwenye kompyuta kumwonyesha kwamba hakuna kosa. Na kweli, kwenye monita yetu ng'ombe walikuwa wekundu, wanapendeza. Mzee mwenyewe akashangaa. Baba mdogo akachukua flashi, akavuka barabara, akaichomeka kwenye tivii ya mama anayeuza chipsi. Tukasimama wote pale tukitazama kundi la ng'ombe zambarau likiongozwa na mchungaji zambarau.

"Hawa wanauzwa wapi?" mama wa chipsi akauliza.

Nilielewa palepale, na nikatamani kuingia kwenye karai la mafuta. Monita yetu ilinunuliwa kutoka kafe ya intaneti iliyofungwa zamani. Imezeeka ikageuka njano kama shuka la bwenini. Kila nilichokitazama humo kilikuwa kimechovywa kwenye chai ya rangi, nami kwa ujuzi wangu mkubwa nikawa naiondoa njano mpaka picha ipendeze. Kumbe njano ilikuwa ya monita, haikuwa ya picha. Mama yangu alishaniambia kwamba padri kwenye video ya kipaimara alionekana kama mtu aliyeopolewa kisimani. Nikamjibu kwamba ndiyo rangi ya kisasa.

"Mrudishie mzee picha kama zilivyopigwa," baba mdogo akasema.

"Zilipigwa na kamera mbili, baba mdogo. Moja inaona dunia kijani. Hata wewe ulilalamika."

Akafikiri. Kisha akasema maneno matamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa kwa sauti ya hasira: "Jumamosi tunanunua monita. Jumapili hawa wazee wakikataa tena ng'ombe wao, mimi narudi kuuza vocha na wewe unarudi kushika taa."

Mtu mwenye haya angejisikia vibaya mpaka hiyo Jumamosi. Mimi nilijisikia vibaya kama nusu saa. Baada ya hapo furaha ilinikamata ikakataa kuniachia, kwa sababu monita ya kununua nilikuwa naijua tayari. Ipo duka la vifaa vya umeme kwenye barabara kubwa, na dirishani kwake kulikuwa na moja pana, iliyopinda kama robo ya pipa, nyuma yake taa zinazobadilika rangi zenyewe. Nilikuwa nimeshaitembelea mara nyingi kuliko ninavyomtembelea bibi yangu. Nilijua hata mahali nitakapoiweka ili baba mdogo akitoka nicheze mpira humo. Nilimwambia kwamba kwa kazi ya video lazima iwe iliyopinda. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, macho ya binadamu nayo yamepinda.

Mzee alikuwa amesema, "Hata mimi nitakuja nione." Hatukujua kwamba hatakuja peke yake. Jumamosi asubuhi, baba mdogo na mimi tukiwa tumeshafika mbele ya duka, likatokea guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Mzee amekaa mbele ubavuni kwa dereva. Nyuma, juu ya magunia, amesimama ndama mwekundu, anaangalia Katoro kama mkaguzi wa shule.

"Mwangaluka," mzee akatusalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Huyu wa nini?"

"Mama yake ndiye yule mwekundu wa kwanza kwenye video. Wanafanana mpaka mkia. Nyinyi mna mashine zenu. Mimi nina huyu."

Muuza duka akatoka. Ni kijana mwenye mkufu, amezoea wachimbaji wanaoingia na matope miguuni, wanauliza kubwa kuliko zote ni ipi, wanalipa, wanaondoka. Ndama hakuwa amemzoea.

"Mzee, huyo haingii humu."

"Amekwambia anataka kuingia?"

Akamfunga kwenye nguzo ya kibaraza, mlangoni kabisa. Dakika mbili baadaye watoto walishajaa, na mtu mmoja wa bodaboda akauliza kama duka sasa linapokea mifugo kwa mkopo.

Ndani, skrini zote zilikuwa zinaonyesha kitu kimoja: kasuku wa rangi saba, halafu matunda yaliyonyunyiziwa maji, halafu kasuku tena. Zote zilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa tayari nimeganda mbele ya ile iliyopinda.

"Umeona rangi hizo, mzee?" muuza duka akasema.

"Huyo ndege mimi simjui," mzee akajibu. "Kwao anaweza kuwa mweusi. Weka ng'ombe wangu."

Nikatoa flashi yenye picha ghafi za kamera nzuri, tukaanza. Ya kwanza ilikuwa bei poa. Mimi nimekaa mbele yake, mzee amesimama ubavuni.

"Mweupe," mzee akasema.

"Mwekundu, mzee."

"Bebe, wewe, unanibishia ng'ombe wangu?"

Baba mdogo akatubadilisha nafasi, nami nikaona ng'ombe akififia mpaka akawa wa maziwa. Skrini ile ukiikalia pembeni, rangi zinakukimbia. Nikafikiria wateja wetu, ambao hukaa watano nyuma ya kiti changu kila mmoja akiamrisha. Tukaiacha. Ya pili ilikuwa na kioo kinachong'aa. Mzee akasogea kumwona ng'ombe, akajiona yeye, akarekebisha kola ya shati, akarudi nyuma ameridhika. Ng'ombe hakumwona.

Kisha zamu ya iliyopinda.

Sijui nieleze vipi. Ng'ombe alitoka humo kama ameoga. Mwekundu wa kuwaka, majani nyuma yake kijani cha bendera, vumbi lenyewe lilikuwa dhahabu. Taa za nyuma zikageuka zikawa nyekundu kumpokea. Mzee akakaa chini kwenye boksi la feni.

"Ee, hapo. Huyo ndiye. Tena amenenepa."

"Mzee amependa," baba mdogo akasema, mkono unaelekea mfukoni.

"Nilijua," muuza duka akasema, tayari anatafuta boksi lake.

Na mimi? Mimi ndiye niliyeombea kitu hiki miezi yote. Ningenyamaza tu. Ila nyuma yangu ndama alilia, nikageuka, na nikafanya kosa la kumtazama. Alikuwa amesimama kivulini kwenye kibaraza, mwekundu wa tofali lililochomwa vizuri, mwekundu wa kawaida. Nikatazama skrini: rangi ya soda ya machungwa. Nikatazama ndama tena, nikiomba abadilike. Hakubadilika, mshenzi.

Nilijua kitakachotokea. Skrini inayokutilia chumvi kila kitu, wewe mpishi utapunguza chumvi, na nyumbani kwa watu chakula kitatoka chapwa. Ningempunguza wekundu mpaka apendeze humo, na kwenye tivii ya kikao angetoka wa majivu. Wadogo wangeinuka na kuondoka. Mara hii bila hata kupita mbele yake.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu haikunifurahisha, "huyo si ng'ombe wako."

Muuza duka akaacha kutafuta boksi.

"Si wangu vipi? Pembe ile siijui?"

"Pembe ni yako. Rangi ni ya duka. Mtazame ndama."

Mzee hakutaka. Nilimwona hataki, kama mimi. Amekwisha mpenda yule mnene. Lakini akainuka, akaenda mlangoni, akaweka kiganja mgongoni kwa ndama, akageuka kuitazama skrini. Kisha akasema taratibu, "Huyu kijana ametuharibia," na akarudi.

Baba mdogo alinitazama kama mtu anayeona nimeota jino jipya. "Si ulisema macho ya binadamu yamepinda?"

"Nilikuwa mdogo, baba mdogo. Ilikuwa Jumatano."

Ilibaki moja kwenye kona, nyeusi, haina taa, kioo chake kimefifia hakirudishi sura ya mtu. Ina mguu mnene tu, na unaweza kuipandisha na kuishusha. Muuza duka alisema hiyo huchukuliwa na watu wa ofisini. Nikamwomba apunguze mwanga, maana dukani huwasha wote ili uduwae, kisha tukaivuta na waya wake mpaka mlangoni, kwenye kivuli. Nikaweka video. Mama kwenye skrini, mtoto kwenye nguzo. Tofali na tofali.

Nikasogea kushoto, tofali. Mzee akasogea kulia.

"Mwekundu?" nikauliza.

"Mwekundu."

Niliishika kwa mikono miwili, na haikuwa kwa ajili ya mpira tena. Ningependa kuandika kwamba ndama alimtambua mama yake. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta chumvi. Alinyoosha shingo, akatoa ulimi, akailamba monita kutoka chini mpaka juu, kwa utulivu, kama anayebandika stempu.

"Amelamba," muuza duka akasema. "Mmenunua."

Mchana ule wote mzee alikaa nyuma ya kiti changu akiwataja ng'ombe mmoja mmoja. Huyu ana moshi kidogo shingoni. Ongeza. Umezidisha, rudi. Huyo mwache, ndivyo alivyo, ni mbaya. Kamera ya kijani niliifuatisha ile nzuri mpaka ikasalimu amri. Sijawahi kuediti hivyo, kila rangi ina mwenyewe aliye hai anayeidai. Mama wa chipsi alitukopesha tivii yake kwa jaribio la mwisho, akasema ng'ombe wamepona.

Jumapili baada ya misa tulifika kwa mzee kwa bodaboda, baba mdogo na mimi, flashi ikiwa kwenye soksi yangu kwa usalama. Wadogo wawili walikuwa wameshaketi sebuleni, kofia kichwani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake akitazama ukuta. Hakuna aliyekuwa amemwamkia mwenzake. Niliichomeka flashi, nikasimama pembeni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na mzaha wa kusema.

Ng'ombe wakaanza kuingia zizini.

Mkubwa kati ya wadogo alivuta kiti mbele. Akakivuta tena.

"Mwekundu mwenye pembe iliyokatika," akasema chini kwa chini.

"Ndiye," mwenzake akajibu.

"Yule wa madoa ya kanga."

"Huyo nilimchagua mimi. Ulikuwa humtaki."

"Sasa ninamtaka."

Walikwenda hivyo mpaka wa mwisho. Bibi harusi alipotokea akiwa na vazi lake jipya, wote wawili waliinama pembeni ili kuona kama nyuma yake kuna ng'ombe mwingine. Video ikaisha. Mkubwa akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo kaka."

Mzee alichelewa kujibu, makusudi kabisa, nadhani alikuwa anaionja.

"Marahaba."

"Shikamoo kaka," na wa pili.

"Marahaba."

Mimi nilishaanza kucheka peke yangu kwa raha, nikimtazama baba mdogo, nikihesabu likizo zote nitakazokaa kwenye kile kiti, mzee aliponigeukia.

"Na wewe. Tangu umeingia kwangu leo hujaniamkia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeingia mbio na soksi yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka tena. Anzia kwa yule mwekundu."