Chai Iliyobaki Kwenye Sufuria

Sijaisahau Jumapili moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita, nikipanga chumba kimoja katika mtaa huu wa Pipeline, wakati ghorofa zilikuwa chache na jua bado lilifika chini. Siku hiyo jumuiya ilikuwa kwangu. Unaijua desturi yetu: baada ya kanisa tunaomba nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu, na mwenye nyumba anapika chai.

Kwa maombi nilikuwa na jina. Iwe harusi, iwe matanga, hata mtu akinunua kochi, utasikia, "Mwite Wanjiku aombe." Nilikuwa na sauti ya kumwamsha mpangaji wa ghorofa ya chini. Sikujua bado kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Majuma matatu kabla ya hapo nilikuwa nimemzika mama. Nilirudi mjini, nikakalia cherehani yangu kama kawaida. Walioniambia pole niliwajibu, "Mungu ni mwema," wakaniacha, maana nani atamfariji mtu anayetabasamu? Lakini tangu mazishi sikuwa nimesema na Mungu hata neno moja nikiwa peke yangu. Nilikuwa mpweke, mwanangu, mpweke kabisa. Nilishaamua kimoyomoyo kwamba hiyo ndiyo jumuiya yangu ya mwisho, kisha niachane na kanisa.

Basi niliwaombea wagonjwa, wanafunzi, hata mwenye ploti tuliyopanga atufungulie maji. Wakasema amina, wakanywa chai, wakaaga. Akabaki Mama Nduku, mama mzee wa Kikamba wa mlango wa pili niliyemwita shosho kama bibi yangu, akaanza kuosha vikombe.

"Wanjiku, leo umeombea hata landlord," alisema bila kugeuka. "Na mama yako je? Umemwambia Mungu vile unamlilia?"

"Si Mungu anajua kila kitu, shosho?"

"Hata mimi najua. Huu ukuta ni mwembamba, nakusikia ukilia. Lakini nimengoja uniambie, na hujaniambia. Sasa mimi ni rafiki yako ama ni jirani tu?"

Niliona haya. Alijifuta mikono kwa leso yake, akaenda kwake.

Nilipobaki peke yangu nilianza kuomba, "Ee Mwenyezi, Mfalme wa mbingu na nchi..." nikaiacha sala hiyo katikati. Nikatazama sufuria. "Baba," nikasema, "nimepika chai nyingi. Mama angekuwepo angeimaliza. Sina wa kumpa, na nimekukasirikia." Nikalia mpaka leso yangu ikalowa.

Sikusikia sauti yoyote ikinijibu, sitakudanganya. Chumba kilikuwa kilekile, na kimya kilekile. Ila kesho yake, nikishona, nilikumbuka jambo jingine la kumwambia.

Sasa mume wangu amelala kaburini, watoto wametawanyika, na bado napika chai ya watu sita. Upweke haujanitoka. Namwambia Mungu hivyo kila asubuhi.

Nawe usingoje zamu yako mbele ya watu ndipo umkumbuke. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie ukifua, ukipanda ngazi na mtungi wa maji, hata ukiwa na hasira naye. Anajua, lakini anangoja umwambie wewe mwenyewe.

Mungu akuzoee, mwanangu, nawe umzoee. Na siku chai itakapobaki, usikose wa kumwambia.