Salamu kwa Protini

Risasi zilipoanza kulia Kilibula, nilitoka labo ya hospitali na termosi moja ya barafu. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha protini ya binadamu iliyotengenezwa Ulaya, ile inayopeleka habari mwilini kwamba adui ameingia. Haitibu mtu. Ni ya utafiti tu, na ikipata joto inaharibika. Nikapitia nyumbani kumchukua mama, tukatembea hadi Songo kwa shangazi. Tulipofika, miguu ya mama ilikuwa imevimba, viatu havitoki.

Hapo mkubwa wa utafiti akapiga simu kutoka huko Ulaya.

“Protini iko aje?”

Kwetu hata mtu anayekuja kukufukuza nyumbani anauliza kwanza kama umeamuka muzima. Huyu alikuwa amesikia vita kwenye redio, na hilo ndilo neno lake la kwanza!

“Iko muzima,” nikamujibu. “Inakusalimia sana.”

Akamshukuru Mungu, akakata.

Nikafungua termosi. Nikamimina barafu yote kwenye kitenge, nikamfunga mama miguu. Kichupa nikakiweka juani. Si kazi ya hiyo protini ni kupeleka habari? Basi ipeleke na hii huko Ulaya.