Misuko ya Fainali

Tangu utotoni mama aliniambia kwamba mimi ndiye niliyemkatisha basketi. Alicheza katika shule ya masista kule Kipushi, mrefu kuliko wenzake wote, mpaka alipopata mimba yangu na masista wakamfungulia geti atoke. Hakulisema kwa hasira. Alilitaja kama mtu anayetaja duka lililofungwa zamani, huku vidole vyake vikiendelea na kichwa cha mteja, maana hiyo ndiyo kazi iliyombakia: kusuka nywele soko la Kampemba, chini ya mwavuli uliopauka.

Kwa hiyo nilipoingia chuo cha ualimu hapa Lubumbashi, nilitafuta uwanja kabla ya kutafuta maktaba. Niliukuta nyuma ya kantini: saruji iliyopasuka, pete moja imeinama, nyingine haina wavu, na vumbi jekundu tulilolifagia wenyewe kabla ya mazoezi. Wavulana wa mpira wa miguu walikuwa na mtu wa kuwafagilia. Nilicheza pale miaka yote ya masomo, na sikuwa nyota. Nilikuwa yule anayeingia mwenzake akichoka. Urefu nilirithi, wepesi wa mikono sikurithi. Nilichotaka ni kidogo: mama aje siku moja, akae kwenye benchi lile la zege, anione nimevaa jezi. Hakuja. Jumamosi zina wateja, alisema. Jumapili zina kanisa. Siku za kazi sikuthubutu hata kumuuliza.

Mwaka wangu wa mwisho tuliingia fainali ya vyuo, na kocha akaleta mamluki. Msishangae, vyuo vyote hufanya hivyo, na kisichofanya hutolewa mapema na kuchekwa. Unatafuta mchezaji hodari wa mtaani, unampa kadi ya mwanafunzi anayefanana naye, na mpaka kipenga cha mwisho yeye ndiye mwanafunzi. Huyu alitoka mtaa wa Ruashi na hajawahi kukaa darasani kwetu. Kocha alitusimamisha mimi na yeye bega kwa bega, akatutazama kama anayelinganisha viatu.

"Sura iko sawa," alisema. "Kasoro ni nywele. Leta carte yako."

"Na mie, coach?"

"Weye utabakia ku nyumba. Bantu babili habawezi kuwa muntu moya."

Watu wawili hawawezi kuwa mtu mmoja: wenzangu walilicheka hilo, hata wale niliowafagilia uwanja walipokuwa wagonjwa. Kadi niliitoa. Kocha huyohuyo ndiye aliyetupa maksi za mazoezi ya mwili, na bila maksi zile hakuna diploma.

Nywele ziliishia kwa mama. Mamluki alitumwa kwetu asukwe sawasawa na mimi, na mama, ambaye siku zote alinisuka harakaharaka kati ya mteja na mteja, alimkalisha yule msichana kwenye kiti chetu kizuri. Mimi nilikaa mbele yao juu ya ndoo iliyopinduliwa, shingo imeinama, niwe mfano. Mama alitazama kichwa changu, akasuka, akatazama tena. Walizungumza basketi muda wote. Sikujua kama mama bado anayakumbuka yote yale. Alimuuliza anavyotua baada ya kuruka, anavyompita mlinzi mrefu, na kama magoti yanamsumbua au la. Miaka yote ile hajawahi kuniuliza hata tulipata pointi ngapi. Msichana alijibu kwa adabu, ndiyo mama, hapana mama, na jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa mtu mwema. Angekuwa na majivuno ningepata pa kuweka chuki yangu.

"Mama, utakuya kuniona Siku ya Posho?" aliuliza akiaga. Posho kwetu ni Jumamosi.

"Nitakuya," mama alisema. "Lazima nione kazi yangu."

Wateja hakuwataja.

Fainali ilichezwa uwanjani kwetu; siku hiyo niliambiwa nisitoke nyumbani, nikatoka. Mechi yenyewe sikuijali. Nilitaka kumwona mama akitazama basketi, hata kama anayetazamwa si mimi. Nilifunga kitambaa kichwani, nikaingia getini, lakini kocha aliniona kabla sijaipita kantini. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanisukuma ndani ya stoo ya vifaa, akafunga kwa nje.

Stoo ilinuka chokaa na mpira uliooza. Ukuta wa upande wa uwanja ulijengwa kwa matofali yenye matundu, na kwenye tundu moja niliona nusu ya uwanja na kipande cha benchi. Mama alikuwa pale, amevaa kitenge chake cha kanisani. Kila mamluki alipofunga, mtangazaji alilipaza jina langu kwenye megafoni, na mama akasimama. Jina langu nimelisikia likiitwa darasani, nimelisikia likigombezwa, lakini halijawahi kushangiliwa kabla ya siku ile wala baada yake. Kwa muda nilifurahi, nimebanwa kati ya magunia ya chokaa, mjinga mtupu.

Kisha wapinzani wakasimamisha mchezo. Kapteni wao alimwendea kamishna wa mechi na kumwambia kwamba huyu si mwanafunzi, ni mercenaire, mamluki wa Ruashi, wanamjua tangu zamani. Kamishna, mwanamume mwembamba mwenye miwani, aliichukua kadi yangu, akaitazama picha, akamtazama msichana, akairudia picha. Kocha alinyoosha kidole kwenye benchi.

"Mama yake iko pale. Umuulize."

Mama alishuka taratibu mpaka pale waliposimama, ukingoni mwa uwanja, karibu kabisa na tundu langu.

"Mama, uyu mutoto unamuyua?" kamishna aliuliza.

"Kumuyua?" Mama alimshika msichana kidevu, akamgeuza kichwa ili misuko ionekane. "Ni mie nilimuzala. Ni mie nilimusuka. Juu ya uyu mutoto banifukuzaka ku masomo, nikaachaka basket. Leo anacheza, beye banasema haiko wangu?"

Akalia. Nilijiambia kwamba anaigiza, nimeyang'ang'ania matofali yale mpaka kucha zikauma. Ila mama namjua. Machozi ya uongo huyafuta mapema yasimharibie poda, na haya aliyaacha yashuke. Aibu niliyobebeshwa tangu nizaliwe alikuwa amempa mtu mwingine, na kwa mtu huyo ilikuwa fahari. Kamishna aliomba samahani, mchezo ukaendelea, tukashinda.

Watu walipoanza kutawanyika, kocha alinifungulia, akaniamuru nipite nyuma. Sikupita nyuma. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, aliyekuwa bado amemshika mamluki mkono huku watu wakimpongeza. Kamishna alikuwa hapohapo akifunga mkoba wake. Aliinua macho, akaniona: chokaa begani, kitambaa kimeteleza nyuma, na misuko ileile. Alimtazama msichana, kisha akanitazama mimi tena, polepole.

"Na uyu ni nani, mama?"

Ningeridhika na neno lolote. Dada yake. Mdogo wake. Hata binamu aliyekuja likizo, na uongo wetu ungesimama vilevile. Mama hakuchelewa kujibu.

"Uyu? Ni wa kazi tu ku nyumba. Ku kichwa yake njo ninajaribiaka misuko."

Kichwa cha kujaribia misuko, basi. Kisha akaninyooshea mfuko wake. "Kamata."

Niliushika. Kamishna alicheka kidogo, akaenda zake. Tulitoka, wao wawili mbele, mimi nyuma na mfuko, mama akimweleza msichana juu ya mechi moja ya Kipushi ambayo mimi sijawahi kusimuliwa. Tuliipita kantini, tukalipita geti, tukaingia barabarani ambapo hakuna aliyetujua wala aliyetuuliza. Nilingoja ageuke aniombe mfuko wake. Niliubeba mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni. Mama alikuwa na mteja, na mimi nilisimama pembeni ya mwavuli, nikamuuliza kwa nini alisema vile. Niliuliza kwa upole kabisa, kwa sababu bado nilitumaini ataniambia aliogopa kamishna, aliogopa nisije nikanyimwa diploma, aliogopa chochote. Ningeamini.

Hakuinua macho kwenye kichwa alichokishika.

"Yeye njo alicheza," alisema, akamwomba mteja ainamishe shingo.