Kamera Niliyoifanya Kioo

Mwaka wa 2008, chuo chetu hapa Nakuru kilipofunga kamera na skrini kubwa kwenye maabara ya kompyuta, hakuna aliyefurahi kunishinda. Tungefanya kazi ya kikundi na wenzetu wa kampasi ya pili huku tukiwaona na kuwasikia! Na kikundi changu kule kilikuwa na Chepkoech, msichana wa Keringet, ambaye muhula mzima tuliandikiana barua pepe za masomo tu.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya wenzangu, nimevaa tai ya baba. Fundi wetu, Harjit, alikuwa nyuma ya skrini akihangaika na nyaya. Kwenye skrini niliona uso wangu peke yake, na spika zilikuwa kimya, kwa hivyo nikaamini laini bado haijafunguliwa. Nikatoa sukuma wiki kwenye meno, nikanyoosha tai, nikaanza mazoezi.

“Sasa, Chepkoech,” nikasema kwa sauti nzito ya mtangazaji wa redio. “Hii mambo ya kompyuta ni kisingizio. Mimi nimekuja juu yako. Uko na mtu?”

Nikaikonyeza kamera.

Harjit akachungulia. “Boss, hao wanakuona tangu uingie. Ni picha na sauti yao tu zilikuwa zimekatika huku kwetu. Ngoja.”

Akachomeka waya. Maabara ikajaa kicheko cha darasa zima, kisha sauti ya msichana:

“Sina mtu. Lakini mwalimu anauliza, umemaliza ama tungoje?”