Ukuta wa Mamokhele

Mamokhele alikuwa na wivu, tena si haba, na wivu wenyewe ulikuwa na anwani: kwa Malineo, nyumba ya pili. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Kila kipupwe kilipokwisha alikanda udongo na samadi mbichi kama wanawake wote wa upande ule wa Mafeteng, akasiriba nyumba, kisha akachora litema, yale maua na michirizi ya ukutani, kwa vidole na meno ya uma kabla udongo haujakauka. Lakini wapita njia walisimama kwa Malineo. Hata mama mkwe wa Mamokhele alisimama huko kwanza, akitikisa kichwa kwa raha, ndipo aje kwake kuomba chai.

"Mkono wa Malineo una baraka," bibi huyo alisema.

"Na wangu una nini, mama? Upele?"

"Haya, nimesema nini sasa mimi?"

Mwaka wa ukame mahindi yalikauka kabla ya kufika magotini. Wanawake wakakubaliana kuchora mapema, maana litema ni dua: wahenga wakiipokea, huteremsha mvua ije iifute. Mamokhele akaona zamu yake imefika. Aliuza kuku wake, akanunua rangi ya mafuta mjini, nyekundu na buluu, akachora maua yaliyoonekana hata ukiwa ng'ambo ya korongo.

Watu walikuja kushangaa. Malineo naye akaja, udongo umemganda mpaka viwikoni.

"Shoga, umetuweza! Ila mvua itaifutaje hii?"

"Sema tu roho inakuuma, mwenzangu. Yako ikishaoshwa, yangu itakuwa hapa hapa."

Malineo alicheka, akaenda zake. Mamokhele alikula ugali wake siku hiyo kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu aolewe.

Mvua ilinyesha Jumapili mchana, ya mawe kwanza, kisha ile yenyewe. Ilipokatika, kuta za kijiji kizima zilikuwa tope tupu, na kwa Malineo halikubaki hata ua moja. Wanawake walijaa uani kwake wakipiga vigelegele.

"Umesikiwa, Malineo! Umesikiwa!"

Mama mkwe ndiye aliyecheza kuliko wote, viatu mkononi.

Hakuna aliyemwita Mamokhele. Alichota ndoo ya maji ya mvua, akaumwagia ukuta wake kwa nguvu zake zote, akachota nyingine, na nyingine tena. Maua yalizidi kutakata tu, mekundu kuliko jana.