Mkono Kwenye Ukuta wa Mabua

Mama mkwe wangu alikuwa na neno moja juu yangu, nalo lilinifikia kupitia kwa mke wangu, ambaye hakujaliwa kipaji cha kuficha mambo. Alisema binti yake ameolewa na vumbi la chaki. Sikuwa nimemkosea lolote. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ibadakuli kule Shinyanga, kijana mwembamba wa miaka ishirini na mitano, na kijijini kwao, ufukweni mwa ziwa upande wa Geita, mwanamume alipimwa kwa jembe, kasia na ng'ombe. Mimi nilikuwa na vipindi saba kwa siku na baiskeli.

Kwenda kumbishia kusingewezekana. Kwetu Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia akaingia porini mpaka mwenzake apite. Huo si uadui, ni heshima. Katika miaka miwili ya ndoa nilikuwa nimeuona mgongo wa yule mama mara nyingi, na visigino vyake. Sura yake sikuijua. Kwa hiyo kama nilitaka kumjibu, ilibidi nifanye jambo kubwa la kutosha ili asimuliwe na wengine.

Ndiyo maana bwana michezo wa wilaya alipotangaza mashindano yake mapya, jina langu lilikuwa la kwanza kuandikishwa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Bwana michezo alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na wazo ambalo Geita haikuwahi kuliona. Timu iwe ya watu watatu, mmoja wao lazima awe mwanamke. Wanaanzia mjini, karibu na mgodi wa zamani uliokuwa umefungwa, wanakimbia kupanda na kushuka vilima, kisha wanachukua baiskeli hadi ziwani, kisha wanapiga kasia kuvuka ghuba, na ng'ambo ya pili ndiyo mwisho. Wote watatu wafike pamoja. Baiskeli zilikuwa adimu, kwa hiyo kila timu iliruhusiwa moja tu. Yeye aliyaita mashindano ya michezo mchanganyiko. Watu waliyaita mbio za vurugu, na jina hilo ndilo lililoshika.

Nilipoiangalia ramani yake nikakuta njia inapita katikati ya kijiji cha wakwe zangu, ambako kungekuwa na kituo cha ukaguzi kabla ya mitumbwi. Nilifurahi mno. Niliona kabisa: mimi napita wa kwanza, vigelegele vinapigwa, na jioni mama mkwe anaambiwa ni nani aliyepita.

Wenzangu walikuwa wawili. Wa kwanza nesi wa zahanati yetu, Msumbwa kutoka Ushirombo, mwimbaji wa kwaya ya kanisani, mwenye mapafu ya kuimba misa nzima na mdomo wa kukuvua nguo hadharani. Wa pili mlinzi wa ghala la pamba, Mzinza aliyepita miaka arobaini, aliyekulia juu ya mtumbwi. Mbio ndefu hakuziweza. Mimi nilizijua kwa sababu nilichunga ng'ombe utotoni, lakini maji niliyaogopa kuliko chatu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi kwa miezi miwili mlinzi alinifundisha kasia kila Jumamosi, na sehemu kubwa ya somo ilikuwa matusi.

"Mwalimu, unachota maji au unapiga kasia?"

"Napiga kasia, Mzee."

"Basi unalipiga kama mtu anayefukuza nzi."

Baiskeli ndiyo iliyotuumiza vichwa, na nesi ndiye aliyepata jawabu. Mlinzi angekaa nyuma kwenye kiti cha mizigo njia nzima kama gunia la pamba. Mimi na nesi tungebadilishana, mmoja anaendesha, mmoja anakimbia pembeni, na zamu inageuka kila kichuguu cha tatu. Vichuguu havikosekani kwetu. Kwa ajili ya siku ile nesi aliazima suruali ya kaka yake, na alipotokea nayo mjini watu walishangaa kuliko walivyoshangaa mashindano yenyewe. Akawaambia wafunge midomo nzi wasiingie.

Timu zilikuwa sita. Vijana wa kiwanda cha kuchambua pamba walikuja na fulana za rangi moja, na walitutazama kama watu wanaotazama chakula cha jana. Kipenga kilipolia walituacha. Lakini vilimani kulijaa mashimo ya wachimbaji wa zamani, na wao walikimbia kama wako uwanjani, wakawa wanasimama kila mara kutafuta njia. Sisi tulifuata vijia vya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hatumbukii shimoni kwa hiari. Tulipoifikia baiskeli tulikuwa wa pili. Kwenye barabara ya vumbi tukawapita. Mlinzi, akiwa nyuma yangu kwenye kiti cha mizigo, aligeuka akawapungia mkono kwa adabu.

Tuliingia kijijini kwa wakwe zangu tukiwa wa kwanza, nyuma yetu hakuna hata vumbi la mtu. Ngoma zililia. Nilikuwa natoka jasho mpaka masikioni na sijawahi kujiona mwanamume kiasi kile.

Kituoni palikuwa na meza, karani, na mstari wa akina mama waliovaa kanga mpya. Sheria ilikuwa kwamba kila mshindani afungwe kitambaa cha pamba mkononi na mwenyekiti wa akina mama wa kijiji. Bila kitambaa hupewi mtumbwi. Mwenyekiti alikuwa ameinama juu ya kikapu akichukua vitambaa, ametupa mgongo.

Ule mgongo niliujua.

Sikufikiri. Miguu yenyewe iliacha njia ikaingia kwenye shamba la muhogo, na mimi juu yake. Nikasikia sauti ikipiga ukelele, "Mayu wane!" yaani mama yangu, na nilipochungulia kati ya majani nikaona kanga imefunikwa kichwani ikikimbilia nyuma ya nyumba. Kijiji kizima kilicheka. Wapiga ngoma waliacha ngoma wakashika mbavu.

Karani hakucheka. Alikuwa mtu wa pwani, amehamishiwa kwetu mwaka ule, na alidhani tumegombana.

"Ndugu, toka huko muhogoni! Unapoteza wakati!"

Nesi alimweleza. Akina mama walimweleza. Wakamwomba amruhusu mwanamke mwingine anifunge, ile kazi ni ya nusu dakika. Karani akaweka kidole juu ya karatasi yake. Imeandikwa, mkono wa mwenyekiti, na hakuiandika yeye.

Vijana wa kiwanda wakafika. Mama mkwe alitoka, akawafunga upesi upesi, maana hao hawakuwa wakwe zake, akarudi kujificha. Wakachukua mtumbwi wao. Ikafika timu ya mgambo, nao wakafungwa, nao wakaondoka. Nesi, kitambaa chake kikiwa tayari mkononi, akaja akasimama juu yangu.

"Mwalimu. Ukitoka hapo ukamnyooshea mkono, nani atakufa?"

"Mimi."

"Miezi miwili nimekimbia nyuma ya baiskeli, halafu unaniambia hivyo umelala kwenye muhogo?"

Hasira zilinipanda, si kwake, bali kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimekuja mpaka pale ili mama yule ajue mimi ni mtu. Hatua kumi tu, nafungwa kitambaa, nawakimbiza wale, labda nashinda. Na maisha yote angenijua kama mkwe aliyesimama usoni pake mbele ya kijiji kwa sababu ya mchezo. Nilimwambia nesi sitoki, aende akaniandike kuwa nimeshindwa. Akanitazama, akafungua mdomo kunijibu, kisha akaufunga. Ni mara pekee niliyomwona akifanya hivyo.

Aliyetuokoa ni mlinzi. Nyuma ya nyumba palikuwa na bafu la mabua ya mtama, kama yale ya kila mji. Akamwendea karani.

"Ndugu karani, sheria yako inataka mkono?"

"Mkono wa mwenyekiti."

"Inataja uso?"

Karani akaisoma karatasi yake tena, mbele na nyuma. Uso haukutajwa.

Mama mkwe akaingizwa bafuni. Mimi nikaletwa kwa kuzungushwa upande wa pili, nikapiga magoti, nikapenyeza mkono wa kulia kati ya mabua. Karani alichuchumaa pembeni ashuhudie. Nilingoja. Upande wa pili nilisikia mtu akihema kwa nguvu kuliko mimi niliyekimbia. Kisha kitambaa kikagusa kifundo cha mkono wangu, na vidole vikavu, vyenye harufu ya dagaa, vikakifunga fundo moja, na juu yake la pili, likabana mpaka nikahisi mapigo ya damu. Halafu vidole vile vilitulia juu ya mkono kidogo, pengine kuhesabu hadi tatu. Nilipouvuta mkono vigelegele vililipuka, na nikaanza kukimbia kuelekea majini huku machozi yananitoka, na sikuwa na haja ya kumficha mtu yeyote.

Tulipiga kasia kama watu wenye deni la hasira. Mlinzi hakunitukana hata mara moja. Mgambo tuliwapita katikati ya ghuba. Vijana wa kiwanda tuliwaona, tukawakaribia mpaka nikasikia wanavyohimizana, lakini ufuko uliwafikia kabla hatujawafikia. Walipewa mpira. Sisi tulipewa sufuria. Nesi alidai bwana michezo aeleze mbele ya wote kwa nini tulichelewa, akaeleza, na mkutano ule ulitushangilia kuliko wale walioshinda. Nilisimama pale nimeshika sufuria yangu, nikajisikia mrefu.

Juma moja baadaye mke wangu alikwenda kwao kusalimia. Alirudi jioni, akaketi, akaanza kucheka kabla hajavua viatu. Nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba mama yake ndiye mwenyekiti. Alijua. Hilo moja aliweza kulificha. Angeniambia, alisema, nisingekimbia.

Kisha akanisimulia. Mnadani, mwanamke mmoja mwenye mtoto kwenye ile timu ya kiwanda alikuwa akitamba kuwa kijana wake alikuwa wa kwanza. Mama mkwe wangu aliacha kuchagua viazi, akanyoosha mgongo.

"Yaya," alisema, yaani hapana. "Wa kwanza ni mkwe wangu. Hao wengine walitangulia tu kufika."