Wanawake Niliowaandika Kuwa Wamepona

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaandika kuwa wamepona wanawake wote waliotoka hospitalini wakiwa hai. Takwimu nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, hapa Kasongo. Daktari mmoja alikuwa akichunguza matokeo ya matibabu aliyokuwa akiwapa wanawake wenye kansa ya mlango wa kizazi, akanipa madaftari ya wagonjwa wa Kabambare nimtengenezee jedwali kwenye kompyuta yake. Nilihesabu mara saba. Nilidhani kuhesabu mara nyingi ndiko kuhesabu vizuri.

Muuguzi aliyejaza madaftari yale alipoliona jedwali, alicheka kwanza.

"We mutoto wa ordinatere, hawa kompyuta yako inasema walipona? Hawa tuliwalilia!"

Nilisahau jambo ambalo kwetu kila mtu analijua: mgonjwa akizidiwa, ndugu wanamtoa mapema, akafie kwao. Nani atafunga maiti kwenye pikipiki mpaka kijiji cha mbali kama Wamaza? Shangazi yangu mwenyewe alirudishwa hivyo, nimemshika kiunoni nyuma ya dereva. Na bado nilikosea. Hata chakula kilinishinda kwa aibu.

Nikazunguka na muuguzi kijiji kwa kijiji, tukauliza familia moja moja, nikatengeneza jedwali jipya. Waliopona walikuwa wachache mno. Nikampelekea daktari mkononi, nikamweleza kosa langu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Tutaonyesha hili."

Nilimwamini. Mkutano wa afya uliofuata ndio ungeamua kama Kabambare ipelekewe huduma ya kupima wanawake mapema, kabla ugonjwa haujakomaa. Daktari akasimama, akaonyesha jedwali la kwanza. Watu wakapiga makofi. Kama wanapona hivi, huduma mpya ya nini?

Muuguzi akainuka. "Dokta, hizi si hesabu tulizokuletea."

Daktari akaninyooshea kidole bila kuniangalia. "Mumuulize kijana. Nambari ni zake."

Kweli zilikuwa zangu. Nilikuwa na nakala ya jedwali la pili ndani ya mfuko, sikuitoa. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu wenye diploma.

Nje muuguzi aliniambia, "Yeye ametuuza. Na wewe umemushikia mizani."

Huduma haijafika Kabambare mpaka leo. Daktari yule simfanyii kazi tena, na kila jedwali ninalotengeneza sasa, nakala ya kwanza inakwenda kwa waliojaza daftari.